Dayton, Ohio: Meya Ana Kura Moja

Ndugu zangu, habari za jioni. Kila anayefanya kazi ndani ya mipaka ya Dayton hukatwa asilimia 2.5 ya mshahara kwa ajili ya jiji, awe raia au mgeni, awe analala hapa au Kettering, mji jirani. Mwenye mshahara wa dola 40,000 kwa mwaka anatoa dola 1,000, mbali na kodi ya jimbo na ya serikali kuu. Kiwango kilikuwa asilimia 2.25 kabla ya wapiga kura kukubali, Novemba 2016, nyongeza ambayo sehemu yake ilitengwa kwa elimu ya awali ya watoto wa miaka minne. Fedha hizo zikishaingia, nani anaamua matumizi yake? Wengi hujibu kwamba ni meya, na hapo ndipo watu hupotezea miezi.

Meya wa Dayton ana kura moja kati ya tano. Yeye na makamishna wanne ndio kamisheni ya jiji. Huongoza kikao na kulisemea jiji, lakini hana turufu ya kuzuia walichopitisha wenzake, wala hamwamuru mkuu wa idara ya barabara. Mwenye amri hiyo ni meneja wa jiji, mtaalamu anayeajiriwa na kamisheni, na kura tatu zinatosha kumweka au kumwondoa. Mliotoka Tanzania mtamfananisha na mkurugenzi wa jiji. Sawa, ila mkurugenzi huteuliwa na Rais. Mwajiri wa meneja huyu, yaani kamisheni, yuko chumba kilekile. Tena hapa hakuna kata. Makamishna wote huchaguliwa na jiji zima, kwa hiyo mtaa wako hauna diwani wake wa kumgongea mlango.

Mfumo huu ulizaliwa na maji. Mawazo ya mageuzi yalikuwapo, lakini Machi 1913 mto Great Miami ulipasua kingo zake, maji yakapanda kiasi cha mita sita katikati ya mji, na zaidi ya watu 300 wakafa katika bonde lile. John H. Patterson, mkuu wa kampuni ya mashine za fedha ya NCR, alishika usukani wa uokoaji na kuusukuma mfumo mpya. Agosti mwaka huohuo wapiga kura walipitisha katiba ya jiji, na tarehe 1 Januari 1914 ikaanza kazi, mhandisi Henry Waite akiwa meneja wa kwanza. Sumter, South Carolina, ilitangulia, lakini Dayton ndio mji mkubwa wa kwanza kuthubutu. Kwa maoni yangu kasoro yake ni ya kuzaliwa: mfumo wa kihandisi hurekebisha bomba upesi, ila hausikii vizuri mtaa mmoja mmoja.

Basi kabla ya kulalamika, ujue jambo hilo ni la ofisi gani. Shule zina bodi yake ya kuchaguliwa. Mabasi ni ya RTA, mamlaka ya usafiri ya eneo hili. Thamani ya nyumba yako kwa ajili ya kodi hupangwa na mkaguzi wa kaunti ya Montgomery. Ukimpelekea kamishna mambo hayo, atakusikiliza kwa adabu na hakuna kitakachofanyika.

Shimo la barabarani ni la jiji: piga picha, andika namba ya nyumba iliyo karibu na njia panda iliyo jirani, omba namba ya ombi, uitunze. Njia ya waenda kwa miguu ni habari nyingine. Sheria ya Ohio huruhusu miji kumdai mwenye nyumba matengenezo ya zege lililopasuka mbele ya nyumba yake. Jiji likilitengeneza yeye asilipe, deni linaweza kupandishwa kwenye kodi ya majengo yake. Mpangaji akipata barua ya namna hiyo ampelekee mwenye nyumba siku hiyohiyo, asiiweke kabatini.

Kwenye bajeti, kosa kubwa ni kuchelewa. Mwaka wa fedha wa miji ya Ohio huanza Januari. Watu hujazana ukumbini Desemba, wakapewa dakika chache za kusema, na kura ikapigwa palepale kama ilivyopangwa. Namba huandaliwa na idara tangu kiangazi. Mwandikieni meneja wakati huo, mtaje barabara ipi, kutoka wapi hadi wapi, kisha mpeleke nakala kwa makamishna watatu walau. Mnahitaji kura tatu, si makofi.

Mkinyimwa maelezo, sheria ya jimbo iko upande wenu. Yeyote anaweza kuomba nyaraka za umma Ohio bila kutaja jina wala sababu. Ila ombi la "barua pepe zote kuhusu mtaa wetu" linaweza kukataliwa kwa upana wake. Andika: mkataba wa kutengeneza barabara fulani, pamoja na ankara zake, tangu mwezi huu hadi ule. Likikataliwa bado, ofisi inapaswa kukueleza jinsi inavyotunza nyaraka ili uliandike upya. Vikao navyo ni vya wazi. Kamisheni inaweza kujifungia kwa mambo yaliyotajwa na sheria, kama ya watumishi, kesi au ununuzi wa ardhi, lakini uamuzi wenyewe lazima upitishwe hadharani.

La mwisho ni kura. Yellow Springs, kijiji kilicho mashariki ya hapa, kilijaribu mwaka 2019 kuwaruhusu wasio raia kupiga kura za kijiji. Novemba 2022 wapiga kura wa Ohio waliufunga mlango huo kwa kurekebisha katiba ya jimbo. Kwa hiyo ukienda kuchukua leseni ya udereva na karani akakuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, na wewe bado una kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu na si uraia, jibu hapana na usitie sahihi fomu usiyoielewa. Kujiandikisha kimakosa kunaweza kukuharibia ombi la uraia. Walio raia wajiandikishe walau siku 30 kabla ya uchaguzi, na wakumbuke kwamba makamishna huchaguliwa miaka ya witiri, ambapo hakuna kelele za urais na watu wengi hubaki nyumbani.