Vanila ya miezi sita ni nyasi tu

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, na nyie wa keki mliojaza viti vya mbele, habari za asubuhi. Waliotoka ng'ambo poleni na safari, najua wengine mmeshuka melini alfajiri hata chai hamjanywa. Sitaeleza vanila ni mmea gani, wa Muleba na Missenyi mnayo migombani kwenu na wa Mwanza mmekuja hapa kwa sababu mnaitafuta. Naenda moja kwa moja kwenye lile ninalolisema kila nikipewa maiki: acheni kuvuna ganda la vanila, lile tunda lake refu kama la maharage, ambalo halijakomaa.

Haya, nina maganda mawili hapa, yapitisheni, aanze huyu mama wa kitenge cha bluu. Hili la kwanza jeusi, linang'aa, ukilizungusha kwenye kidole linajikunja kama kamba ya kiatu na vidole vinabaki na mafuta. La pili limepauka, jembamba, ukilikunja linakatika. Nuseni yote. La pili linanukia nini mama? Nyasi, eeh, semeni kwa sauti wa nyuma wasikie, nyasi! Sasa haya yametoka shamba moja, la mjomba wangu Muleba, na nimeyapika mimi mwenyewe kwa njia ile ile. Hili jeusi lilikaa kwenye lando, yaani kwenye mmea wenyewe unaotambaa, miezi tisa, lile lingine sita.

Mwaka ule mjomba alisikia jirani kaibiwa usiku, kulipokucha akabeba ndoo akavuna kila kitu, kikubwa kidogo, chote. Mnunuzi akaja na pikipiki akapima hata hakuuliza yana miezi mingapi, akalipa akaondoka, na msimu uliofuata tulimsubiri mpaka basi. Mjomba akanibakizia kilo sita. Nikachemsha maji mpaka nyuzi 65, nikayazamisha dakika tatu, hapo ndio tunasema tunaliua ganda lisiendelee kukua, nikayafunga kwenye blanketi yakiwa ya moto yatoe jasho, kesho yake yamegeuka rangi ya chokoleti, nikafurahi kweli. Nikawa naanika juani saa moja saa mbili, nafunga tena, narudisha kwenye sanduku la mbao, baadaye kivulini, wiki kwa wiki, halafu sandukuni miezi mitatu. Kwa kawaida kilo tano au sita mbichi zinatoa kilo moja. Mimi hata hiyo moja haikufika, na siku nafungua sanduku harufu iliyotoka ni ya nyasi za kulalia mbuzi. Nililia jamani. Kazi ya nusu mwaka!

Na sababu inajulikana. Ganda bichi hata likikomaa halina harufu, liko kama maharage mabichi. Ile vanilini, kitu kinachotoa harufu ya vanila, imefungwa pamoja na sukari ndani ya ganda, na vimeng'enya vya ganda lenyewe, vile vichocheo vyake vya asili, ndivyo vinavyoifungua ukishaliua na kulitoa jasho. Ukivuna mapema hicho cha kufunguliwa hakijajaa, sasa utafungua nini? Ni sawa na kukamua mtamba ambaye hajazaa, utakaa na kibuyu chako hapo mpaka jioni.

Najua mtaniambia wewe unaongea tu, mwizi haji kwako. Anakuja, kwangu alikuja. Lakini Madagaska, ambako sehemu kubwa ya vanila ya dunia inatoka, mkulima anatoboa alama yake kwa pini kwenye kila ganda likiwa bado kijani, na likikauka ile alama inabaki, kwa hiyo la wizi linatambulika hata sokoni. Pini bei gani? Uganda hapo serikali imekuwa ikitangaza tarehe ya kuanza kuvuna, ukikutwa na ganda kabla ya hapo unaulizwa umelitoa wapi. Sisi kijiji kizima tunashindwa kukubaliana tarehe na zamu za kulinda? Kila mmoja akimwogopa mwizi akavuna mapema, wote tunauza nyasi, na mnunuzi akishazoea kwamba mzigo wa huku ni nyasi anatulipa bei ya nyasi hata yule aliyesubiri.

Na utajuaje tisa imefika kama hukuandika siku ya kuchavusha? Ua linafunguka asubuhi, mchana limeshanyauka, na huku hakuna mdudu wa kukusaidia, ni wewe na kijiti chako ua kwa ua. Njia hiyo aliigundua mtoto wa miaka 12, Edmond Albius, mtumwa kisiwani Réunion, mwaka 1841, na dunia nzima bado inafanya vile vile. Mimi nafunga uzi, wiki hii mwekundu, wiki ijayo mweupe. Halafu angalia ncha ya chini ikianza njano, vuna hilo, mengine yaache.

Muda unaniishia, watu wa keki. Kile kichupa cha dukani ni vanilini ya kiwandani, inatengenezwa na malighafi za mafuta ya petroli au mabaki ya miti ya karatasi, Wajerumani waliianza 1874. Sio sumu, sijasema hivyo, ila ni harufu moja, ganda lina zaidi ya mia. Ukitaka yako, gramu 100 za maganda kwa lita moja ya pombe kali, miezi kadhaa. Kwa wasiotumia pombe, pasua ganda ulifukie kwenye kopo la sukari, hiyo sukari utanitafuta uniambie.

Bei nilitaka kuiongelea sana. Kwa kifupi, 2017 kimbunga kiliipiga Madagaska, 2018 kilo ikapita dola 500, baadaye ikaporomoka, kwa hiyo anayekuahidi leo milioni kwa kilo mwombe mkataba wa maandishi kwanza.

Maganda yamefika wapi? Rudisheni hilo jeusi tafadhali. Lile la nyasi kaeni nalo, mkamwonyeshe jirani anayetaka kuvuna wiki hii.