Watazamaji Wanamfanya Nini Mchezaji?
(Mhadhara kwa wanafunzi wa saikolojia ya michezo na burudani, Tanga)

Wengi hujiandikisha somo hili wakidhani watafundishwa kuwapa wachezaji maneno ya kutia moyo. Poleni. Kazi kubwa hapa ni kupima.

Mwaka 1898 Mmarekani Norman Triplett alichunguza rekodi za mbio za baiskeli, akaona waendeshaji huenda kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakishindana na saa tu. Akawapa watoto 40 kidude cha kukunjia mshipi wa kuvulia, wazungushe peke yao, kisha wawili wawili. Watoto 20 waliongeza kasi, 10 hawakubadilika sana, na 10 wakaboronga. Hao wa mwisho ndio wenye somo.

Maelezo yaliyotia fora yalikuja 1965, kwa mwanasaikolojia Robert Zajonc: macho ya watu huuchangamsha mwili, na mwili uliochangamka hutoa kile ulichokizoea zaidi. Kama ulichozoea ni sahihi, utang'ara. Kama bado unajifunza, kosa ndilo litakalotangulia. Nendeni barazani mkatazame bao. Fundi akizungukwa na watu hucheza kete zake kwa raha. Mgeni wa mchezo, mwenye kete 22 za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja, na washauri watano wa kujitolea mgongoni, husahau hata nyumba yake, lile shimo lake kuu. Kwa hiyo kocha anayemfundisha kijana mtindo mpya wa penalti mbele ya mashabiki wa Uwanja wa Mkwakwani anamwonea. Afundishwe faraghani, mtindo ukikaa ndipo watu waongezwe kidogo kidogo.

Mtalijaribu hili wenyewe. Mpira mita 11 kutoka golini, bila kipa, maana kipa hudaka leo akakosa kesho, nanyi mtashindwa kujua mmepima nini. Gawanyeni goli sehemu sita kwa kamba. Kabla ya kupiga, mchezaji ataje anayoilenga. Mipira 10 peke yake, 10 mbele ya watu. Hapa ndipo wanafunzi hukosea: wote huanza peke yao, kisha uchovu unahesabiwa kuwa woga. Nusu ya wachezaji waanze na watazamaji. Anayeandika matokeo asimame pale pale mara zote mbili, kwani naye ni mtazamaji. Na mlinganishe kila mpigaji na nafsi yake kwanza, kabla ya kumlinganisha na mwenzake.