Jamii Haina Mdomo

Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu, asanteni kwa kunialika tuzungumze juu ya jamii na haki za mtu binafsi. Mlionisikia zamani mnajua naanzia wapi. Naanza na Carrie Buck, na nitaendelea kuanza naye.

Carrie alizaliwa mwaka 1906 katika jimbo la Virginia, Marekani, akalelewa na familia isiyo yake. Akiwa na miaka 17 alishika mimba. Alieleza kwamba alibakwa na mpwa wa mama mlezi wake. Walezi hawakumtafuta mkosaji. Walimpeleka Carrie kwa wakubwa, akaandikwa kuwa ni punguani, akafungiwa katika taasisi ile ile alimofungiwa mama yake mzazi. Mwaka 1924 jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya kuwafunga uzazi watu waliopewa jina hilo, na wakubwa walihitaji kesi ya kuijaribu. Wakamchagua yeye. Wakili aliyepewa kumtetea alikuwa rafiki wa upande wa pili na aliwahi kukaa kwenye bodi ya taasisi hiyo. Hakuita shahidi hata mmoja.

Ilibidi ithibitishwe kwamba upunguani huo ni wa kurithi, kwa hiyo akachunguzwa hata mtoto mchanga wa Carrie, Vivian, mwenye umri wa miezi michache tu. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii akaieleza mahakama kwamba mtoto yule ana kitu usoni kisicho cha kawaida, ila ni kitu gani hasa, hawezi kusema. Hawezi kusema! Na maneno hayo yakaingia kwenye kumbukumbu za kesi kama ushahidi.

Tarehe 2 Mei 1927 majaji 8 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaikubali sheria ile, mmoja akapinga. Hukumu iliandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes, na hoja yake ni hii: taifa huwaita raia wake walio bora wakalifie vitani, basi si ajabu likiwadai hawa wengine kafara iliyo ndogo kuliko hiyo. Oktoba mwaka huo huo Carrie akapasuliwa. Vivian alifariki mwaka 1932 akiwa na miaka 8. Mwaka mmoja kabla, shuleni kwake, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri.

Nasimulia kirefu kwa sababu nimechoshwa na ile ramani ya kwamba kuna nchi za "mimi" na nchi za "sisi". Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi wa tamaduni, alitumia majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, na katika kitabu chake cha mwaka 1980 Marekani ikapata alama 91 za umimi, ya kwanza kuliko nchi zote alizozipanga. Vizuri. Lakini katika nchi hiyo hiyo msichana maskini alikatwa mwili kwa jina la manufaa ya wengi.

Hoja yangu ni moja. Jamii haina mdomo. Ukisikia "jamii imeamua", ujue kuna mtu amefungua kinywa na kusema kwa niaba yake, na mara nyingi mtu huyo hatalipa gharama ya uamuzi. Haki za mtu binafsi hazikuwekwa ili mtu awakimbie wenzake. Ziliwekwa ili msemaji huyo alazimike kujieleza mbele ya yule anayeguswa.

Hapa ndipo huinuka mtu na methali: kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, nani amekataa? Lakini methali hiyo inahusu kazi. Haisemi kidole kimojawapo kikatwe ili vilivyobaki vinawiri. Tena lugha yetu yenyewe inatuwekea mtego: tukisema "ubinafsi" tumeshatukana, maana neno hilo ni choyo kabla halijawa falsafa. Anayedai asikilizwe kabla ya kupasuliwa si mchoyo. Ndiyo maana nang'ang'ania kusema "haki za mtu binafsi", neno lile lile likiwa limetolewa tusi.

Mwingine ataniuliza, na chanjo je? Swali zuri, na Holmes mwenyewe alijikinga kwa hukumu ya mwaka 1905 iliyoruhusu chanjo ya lazima ya ndui. Lakini katika kesi ile aliyekataa chanjo alitozwa faini ya dola 5. Alikuwa na mlango wa kutokea, na hatari ya kuambukiza majirani ilikuwa ya kweli, tena ya wakati ule. Carrie alikuwa na mlango gani? Alikuwa anamwambukiza nani?

Naona saa inanikimbiza. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema katika ibara ya 29 kwamba mtu ana wajibu kwa jamii, kwa hiyo anayesema haki hizi zimeisahau jamii hajafika mwisho wa waraka. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unataja haki za watu na wajibu pia, hadi kuwatunza wazazi wenye shida. Nilitaka tuzisome ibara zake za 27 hadi 29 pamoja. Hatutawahi.

Kuna karatasi imeletwa hapa inauliza: mtu akijitolea mwenyewe kwa ajili ya wenzake, kuna ubaya? Hakuna hata kidogo, nami namheshimu. Lakini kujitolea kunataka ujue unatoa nini. Carrie alikuwa na mdogo wake, Doris. Naye alifungwa uzazi, akaambiwa kwamba ametolewa kidole tumbo. Akaolewa. Yeye na mumewe wakatamani mtoto miaka nenda, miaka rudi. Ilipita zaidi ya miaka 50 ndipo alipoambiwa walichomfanyia.