Mpishi Atoke Jikoni

Mhadhara kwa walimu wakuu, wapishi na wazazi wa shule za msingi, Nairobi

Walimu wakuu, wazazi, na hasa nyinyi wapishi mlioketi kule nyuma kana kwamba mmeitwa kuja kugawa chai: habari za asubuhi. Kabla sijaanza, naomba wapishi wahame. Njooni huku mbele, viti viko. Nitangoja.

Asanteni. Sasa tunaweza kuzungumza.

Sikuja kuwaambia kwamba mboga ni nzuri. Mnajua. Hata watoto wanajua. Mwulize mtoto yeyote wa gredi ya nne, atakutajia vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili bila hata kupumua. Akimaliza anatoka mbio hadi langoni kununua smokie. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba shida ni elimu. Somo wamelielewa na mtihani wameupita. Kinachogoma ni mdomo.

Na mdomo wa mtoto haufunguliwi kwa bango. Nimelisema jambo hili katika kumbi nyingi za mji huu na leo nalisema tena: siku maalum za chakula shuleni, hizi za mboga za kienyeji, za matunda, za vyakula vya jamii zetu, zina nguvu kubwa sana. Lakini nguvu hiyo inatoka kwa mpishi. Mkimwacha mpishi nje ya mpango, mmeandaa sherehe ya wageni.

Niwaeleze nilikoyatoa haya. Baadhi yenu mmewahi kunisikia nikikisimulia kisa hiki. Mnivumilie, kwa sababu kila nikitembelea shule nakuta kinarudiwa vilevile.

Ilikuwa shule moja huku Eastlands, watoto wapata mia nane, wapishi watatu. Tuliandaa Siku ya Mboga za Kienyeji. Nasema tuliandaa kwa sababu nilikuwa ndani ya ile kamati. Tulichapisha fulana. Tulikodi hema na spika. Watoto walitunga shairi. Wageni walialikwa, na magunia ya mboga ya managu yakaagizwa kutoka soko la Marikiti. Yalifika saa tatu asubuhi, siku yenyewe, na chakula kilitakiwa kiwe tayari saa sita na nusu. Nyinyi mnaopika mmeshaanza kutikisa vichwa, naona. Magunia sita ya managu, mikono ya watu watatu, muda wa saa tatu na nusu, na bado githeri iko motoni! Nani atachambua jani moja moja? Wakakata na vijiti vyake, wakaosha haraka haraka, wakachemsha, chumvi, basi.

Hotuba zilikwenda vizuri. Picha zikapigwa. Kisha watoto wakapewa sahani, na mimi nikasimama karibu na bomba wanakoshea vyombo. Pale palikuwa na pipa la bluu la makombo. Mtoto wa kwanza alikuja, akalikwangua lile rundo la kijani kwa kidole, likaanguka pu! Wa pili, pu. Wa kumi. Githeri wameila, managu yote pipani. Kufikia saa nane lile pipa lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na juu yake majani yanatoa mvuke. Kuna akina mama katika mtaa ule ambao jioni hiyo walikuwa wanapima watanunua mboga ya bei gani. Sijalisahau pipa lile.

Jioni niliingia jikoni kuwaomba wapishi radhi. Mkubwa wao, mama wa makamo, alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Hakuacha kusugua. Akaniuliza, "Mwalimu, mimi mliniuliza lini?"

Sikuwa na jibu. Tulikutana mara nne kupanga siku ile. Tulimwita mwenye hema, tukamwita mwenye spika. Mtu ambaye angepika hatukumwita hata mara moja, na huyo mtu alikuwa amepika managu tangu akiwa msichana.

Akanifundisha, pale pale, nimekalia mkebe wa mafuta. Managu haiendi peke yake, akasema. Ina uchungu wake, na uchungu una dawa. Unaichanganya na majani ya kunde au terere, unakaanga kitunguu na nyanya kwanza, mwishoni unatia maziwa kidogo na kuacha itulie kabla ya kupakua. Nikamwambia shule haina maziwa ya kupikia watoto mia nane. Akasema, "Sikusema ndoo. Nimesema kidogo." Kisha akataka mambo matatu: aambiwe wiki moja kabla, mboga zifike siku iliyotangulia, mchana, si asubuhi ya siku yenyewe, na watoto wakubwa wanawe mikono waje wachambue.

Hilo la tatu ndilo lililonibadilisha mimi.

Muhula uliofuata, Jumatano alasiri, tulitoa madawati chini ya mti, tukatandaza magunia, na gredi ya nne na ya tano wakaketi kuchambua. Mama yule akasimama katikati akawaonyesha: jani hapa, kijiti kule, ua likianza kuweka tunda tupa. Kwa dakika chache palikuwa kimya. Kisha msichana mmoja akasema, "Hii kwetu inaitwa osuga." Mwingine akasema hapana, hiyo ni lisutsa. Wa Kisii akasema rinagu. Mtoto mmoja wa mama wa Mombasa akasema nyanya yake huiita mnavu. Wakabishana kwa furaha, kila mmoja akitetea jina la nyumbani kwao, huku mikono inachambua. Managu huacha rangi, mnajua. Ukichambua sana vidole vinakuwa vyeusi. Kijana mmoja wa miaka tisa hivi alikataa kunawa. Alitaka amwonyeshe mama yake.

Alhamisi, mama mpishi hakubaki jikoni. Alifunga leso safi juu ya aproni, akasimama mwanzo wa foleni na mwiko wake, ule mrefu kama kasia, na kila mtoto aliyefika alimwambia neno. "Hii umechambua wewe, eh?" "Wewe ndiwe uliyesema lisutsa?" "Onja kwanza, ukishindwa rudi uniambie." Mtoto akiambiwa hivyo na mtu aliyepika, ana kwa ana, atafanya nini? Ataonja. Nilirudi kwenye bomba, nikasimama pale pale. Pipa la bluu lilikuwapo. Ndani yake makombo hayakufika hata kujaza ndoo.

Najua anayesema moyoni: hiyo ni shule moja, siku moja. Ni kweli, na ndiyo sababu hatukuishia hapo. Kila mwezi palikuwa na Alhamisi yake. Siku ya Nduma na Viazi Vitamu. Siku ya Pwani, mbaazi za nazi, watoto wamefunga leso, mwalimu wa Kiswahili anatega vitendawili vya vyakula na anayetegua anatangulia foleni. Siku ya Omena, dagaa wa ziwani, ilitupa shida, baadhi ya watoto hawakuzoea harufu, na mpishi ndiye aliyeamua zioshwe kwa maji moto, zikaangwe zikauke, ndipo zitiwe nyanya. Sikumfundisha mimi, wala hakuna afisa aliyemfundisha.

Wengine mtaniambia hamna pesa. Naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jibu hili limekuwa blanketi la kufunikia uvivu wa kupanga. Fulana zile za kwanza zilikuwa na bei. Hema lilikuwa na bei. Siku zile zilizofaulu hazikuwa na hema wala fulana. Zilikuwa na githeri ile ile ya kawaida, mboga ya msimu, na mtu aliyeambiwa wiki moja kabla. Managu, kunde na terere mvua zikinyesha hushuka bei hapa Nairobi. Mpishi anayekwenda sokoni anajua ni wiki gani. Kwa miaka mingi tuliziita mboga hizi magugu, chakula cha mtu aliyekosa, mpaka watafiti wetu, mbele yao Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, wakatuonyesha utajiri uliomo ndani yake. Tusingoje tena mfadhili aje atuambie tule managu.

Wa rika langu mnakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni yaliyoanza 1979, zile pakiti za pembe tatu. Shuleni kwetu lori likisikika barabarani darasa zima liligeuza shingo. Hakuna aliyetuhubiria kuhusu kalsiamu. Tulijua leo ni siku ya maziwa, na tukiyanywa tulikuwa tunashangilia. Mpango ule ulikufa, sitaingia huko, lakini mimi hadi leo nikiona pakiti ya maziwa mkono wangu unakumbuka ile pembe. Hivyo ndivyo mtoto anavyojifunza kula. Anangojea siku, anashangilia pamoja na wenzake, na ladha inabaki.

Sasa kuna hili la jiko kubwa. Tangu 2023 tuna Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula shuleni, na watoto wengi wa shule za umma katika mji huu wanakula chakula kilichopikwa katika jiko la kati na kuletwa na gari. Mzazi analipa shilingi tano, mtoto anagusisha bangili yake ya malipo, anapewa sahani ya moto. Shilingi tano! Mandazi moja kibandani ni shilingi kumi. Mimi naushukuru mpango huo na namwambia kila anayeubeza aende Mukuru au Mathare saa saba mchana aangalie nyuso za watoto. Lakini mwalimu mmoja aliniuliza swali zuri: "Kama jiko haliko shuleni, mpishi atatokaje jikoni?" Nikamwambia apande lile gari. Mara moja kwa muhula, mpishi mmoja au wawili waje na chakula chao, wasimame mwanzo wa foleni, wawaambie watoto tuliamka saa ngapi kuyachemsha maharagwe haya. Mtoto anayekula chakula cha gari kila siku ana haki ya kujua kuna mkono wa mtu. Na mpishi naye ana haki ya kuona sahani ikirudi tupu, au ikirudi imejaa, ili kesho abadilishe. Kupika kwa ajili ya maelfu bila kumwona hata mmoja akila ni kazi ngumu kwa moyo.

Nimeona mwenyekiti anatazama saa. Nilikuwa na mambo mengine manne, niyataje tu.

Wapishi, osheni sukuma kabla ya kukata, si baada. Ukikata kwanza, vitamini C inakwenda na maji. Itieni mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Maharagwe yalale majini usiku kucha na maji hayo yamwagwe. Mtapunguza kuni na matumbo ya watoto yatawashukuru. Pale penye maharagwe au ndengu wekeni kitu chenye uchachu, kipande cha chungwa, ndimu, hata kachumbari, maana madini ya chuma yaliyo katika nafaka na kunde hupokewa vizuri zaidi hivyo. Na chai isiandamane na chakula hicho, inazuia chuma. Chai ya saa nne ibaki saa nne.

Bustani za magunia: nendeni Kibera mkaone zinavyofanywa, gunia moja linabeba miche mingi na halihitaji shamba. Wenye vibanda langoni: msiwafukuze, kaeni nao, anayeuza viazi karai anaweza kuuza ndizi na mayai ya kuchemsha Alhamisi hiyo. Chumvi nitaizungumza siku nyingine, ina maneno mengi.

Na kalenda. Machi 1 ni Siku ya Afrika ya Chakula Shuleni, Umoja wa Afrika uliitenga tangu 2016. Oktoba 16 ni Siku ya Chakula Duniani. Shule nyingi huzitumia hizo mbili, hema, picha, kwisha. Mimi nawaomba Alhamisi. Chagueni moja katika kila mwezi wa muhula ujao. Na kabla hamjaichagua, kabla hamjaipa jina, nendeni jikoni mkaulize.

Tena hakuna haja ya kungoja mrudi shuleni. Wapishi wako hapa mbele, na nimemwona mama huyu mwenye leso ya buluu akitikisa kichwa nilipozungumzia omena. Kuna mahali sikusema sawa. Mama, shika kipaza sauti, utuambie unavyoipika wewe.