Gazeti Kwanza, Kiti Baadaye

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mnaonyemelea viti vya siasa: kila nikipewa nafasi ya kusema narudi kwa mtu huyuhuyu, na leo narudi tena. Ukimtaja Alibhai Mulla Jeevanjee watu hudakia, "Si yule wa bustani ya Jeevanjee, Nairobi!" Nasi wa Mombasa twaitikia, kana kwamba si wetu. Mtu kazaliwa Karachi, kavuka bahari, biashara yake ya huku ikashika mizizi hapahapa kisiwani kabla Nairobi haijawa mji!

Sikilizeni habari ya gazeti. Reli ilianza kutandikwa hapa 1896, naye alikuwa mkandarasi wake: kuleta vibarua kutoka India, kupeleka chakula. Angeweza kuhesabu rupia zake akalala. Lakini mwanzoni mwa karne iliyopita alianzisha gazeti la kila wiki, African Standard, likachapwa Mombasa. Tafakarini. Mtu anayekula kwa tenda za serikali anatoa fedha zake mfukoni watu wapate kusoma mambo ya nchi yao. Hakuwa na kiti wakati huo. Hakuna aliyempigia kura. Mwaka 1905 aliliuza kwa Waingereza wawili, na ndilo hilo mnalonunua leo kwa jina la The Standard. Mwalinunua kila siku, na mtoto wa Mombasa hajui kwamba ni ndugu yake!

Atainuka mtu aniambie, "Mwalimu, huyo alitajirishwa na mkoloni." Kweli. Vibarua wapatao 2,500 walikufa kwenye reli ile, na yeye alilipwa. Sifichi. Tena 1910, akiwa London, alitaka nchi hii iunganishwe na himaya ya India, kana kwamba haina wenyewe. Hapo simtetei hata kidogo. Ila alipoteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1909, yeye peke yake asiye Mzungu, hakunyamaza ili alinde tenda. Wahindi walikatazwa ardhi ya nyanda za juu, akapinga waziwazi. Kiti hakikumfunza kusema. Alikwenda nacho kinywa chake.

Naona saa inanikimbiza. Bustani yenyewe aliwapa wananchi 1906. Mwaka 1991 palipotakiwa kujengwa majengo mahali pake, aliyesimama mbele kuzuia ni mjukuu wake, Zarina Patel. Naye hakuwa na kiti.