Godoro Gumu, Mkono Umekufa Ganzi

MWALIMU: Umeshaanza kurekodi? Haya. Mama Imani, kabla hujaniuliza nimeamkaje, nikwambie tu kwamba leo mkono wangu wa kulia umeamka dakika tano baada yangu.

MAMA IMANI: (anacheka) Pole, Mwalimu. Wasikilizaji karibuni. Tuko Kisumu, dirisha tumeliacha wazi kwa sababu ya joto, kwa hivyo mkisikia boda ikipita mtuvumilie. Mada ya leo imejileta yenyewe. Huo mkono uliulalia?

MWALIMU: Mimi hulala ubavu tangu utotoni. Kwetu Nakuru tulikuwa watoto watatu kwenye godoro la futi nne kwa sita, ungelalaje chali? Sasa mwezi uliopita nikaingia duka moja hapa mjini, jina niliache, nikamwambia muuzaji mgongo unanisumbua. Hakuniuliza hata swali moja. Alipiga godoro ngumi, pu! pu!, akasema, "Mwalimu, hii ni hai densiti, othopediki, yaani ya kutibu mgongo, haibonyei." Nikalipa.

MAMA IMANI: Na kweli halibonyei?

MWALIMU: Ni kama kulala juu ya dawati.

MAMA IMANI: Mimi nauza mashuka soko la Kibuye, na nakwambia, mtu akija kununua shuka huanza na malalamiko ya godoro. Hadithi yako nimeisikia mara nyingi. Densiti na ugumu ni vitu viwili, lakini huku kwetu vimechanganywa mpaka muuzaji mwenyewe anaamini. Densiti ni uzito. Ukikata sponji mita moja kila upande, ukaiweka kwenye mizani, kilo utakazosoma ndizo densiti yake. Hiyo inakuonyesha kama godoro litadumu au litaweka shimo mapema. Haikwambii kama ni gumu. Kiwanda kinaweza kutoa sponji nzito iliyo laini, na nyepesi iliyo ngumu.

MWALIMU: Kwa hivyo ile ngumi haikupima densiti.

MAMA IMANI: Ilipima ngumi. Densiti inataka mizani, na pale sokoni akina mama wa mahindi wanazo. Chukua tano kwa sita, unene inchi 8. Kama densiti ni kilo 25, godoro zima litakuwa karibu kilo 14. Kama ni kilo 18, utapata kama kilo 10 hivi. Sasa mtu akikuuzia la kilo 10 kwa bei ya hai densiti, muulize kilo nne zimeenda wapi.

MWALIMU: Hesabu hiyo naipeleka darasani Jumatatu. Lakini ebu rudi kwa mkono wangu. Tatizo si densiti basi.

MAMA IMANI: Tatizo ni kwamba umenunua godoro la mtu mwingine. Wewe ukilala ubavu, uzito wako unakaa sehemu mbili, bega na nyonga. Godoro likikataa kuvipokea, bega linasukumwa kuelekea shingoni, mishipa inabanwa, ndiyo ganzi hiyo. Kiuno nacho kinabaki kinaning'inia hewani, hakina kinachokishika. Wewe unataka la katikati, hata laini kidogo, bega lizame ili uti wa mgongo ubaki mstari mmoja.

MWALIMU: Huo mstari nimeuona kwa macho yangu. Juzi nilivaa fulana nyeusi, mama watoto akanichorea nukta za chaki kufuata uti wa mgongo, kutoka shingoni hadi kiunoni. Nikalala ubavu, akanipiga picha kwa nyuma. Nukta zimepinda kama ndizi!

MAMA IMANI: (anacheka) Usifue hiyo fulana, hicho ni kipimo kizuri kuliko maneno ya dukani. Na mto je? Uliangalia mto?

MWALIMU: Mto ni ule ule wa zamani, umekuwa kama chapati.

MAMA IMANI: Basi nusu ya makosa ni yako. Anayelala ubavu anahitaji mto mnene wa kujaza nafasi kati ya sikio na godoro, yaani upana wa bega. Wa chali anatosheka na wa wastani.

MWALIMU: Mke wangu ni wa chali. Yeye analisifu hilo godoro!

MAMA IMANI: Ana haki. Wa chali anataka gumu kiasi, makalio yasizame. Lakini apime. Alale, apitishe kiganja kati ya kiuno na godoro. Kikipita huru bila kugusa chochote, ni gumu mno hata kwake. Kikikataa kuingia kabisa, amezama. Anayelala kifudifudi ndiye anayehitaji gumu kuliko wote, maana tumbo na nyonga vikizama, mgongo unapinda ndani. Tena awe na mto mwembamba, au asiweke kabisa. Kusema kweli huyo mimi humshauri ajifunze ubavu, shingo yake imegeuzwa usiku kucha.

MWALIMU: Lakini nimelelewa nikiambiwa mgongo mbovu dawa yake ni gumu. Babu alilala kwenye mbao.

MAMA IMANI: Babu alilima mchana kutwa, angelala hata juu ya mawe. Hilo jambo limepimwa, Mwalimu. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Uhispania. Watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, wengine wakapewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, wa wastani ndio waliopata nafuu zaidi.

MWALIMU: Kumbe! Na mimi nimelipia ziada kwa neno othopediki.

MAMA IMANI: Neno hilo kwangu ni tangazo tu. Halijui unalalaje, halijui una kilo ngapi. Mtu wa kilo 100 na wa kilo 55 wakilalia godoro lile lile, mmoja atasema laini na mwingine atasema gumu, na wote ni wakweli.

MWALIMU: Kaka yangu wa Nakuru ananishauri nichukue sponji ya memori, ile inayofuata umbo la mwili. Anasema yake inamkumbatia.

MAMA IMANI: Hiyo ilianzia kwenye utafiti wa viti vya ndege wa NASA, shirika la anga la Marekani, miaka ya 1960. Ni nzuri kwa bega, ila husikia joto. Ikipata joto hulainika, ikipata baridi hukaza. Kaka yako akiingia kitandani Julai, na ile baridi ya Nakuru, ataikuta ngumu mpaka mwili uipashe. Wewe hapa Kisumu, usiku wa Februari, itakuwa laini hata kabla hujalala, halafu inashika joto la mwili. Utaamka umelowa. Na kama hujatoa ile nailoni ya dukani, ndiyo usiseme.

MWALIMU: (kimya kidogo) Ile nailoni si ya kulinda godoro?

MAMA IMANI: Mwalimu! Bado iko?

MWALIMU: Imetoka upande mmoja.

MAMA IMANI: Aki ya Mungu. Toa leo. Halafu inua godoro uangalie chaga. Zikiwa mbali mbali au moja imevunjika, hata godoro zuri litazama hapo, na utalilaumu bure.

MWALIMU: Chaga ni nzima, nilizikagua. Sasa mimi wa ubavu, mama watoto wa chali, kitanda ni sita kwa sita. Tufanyeje, tuachane?

MAMA IMANI: Magodoro mawili ya tatu kwa sita, unene mmoja, yapange sambamba. Lako laini kidogo, lake gumu kiasi. Juu unatandika shuka moja. Kama pesa haipo sasa hivi, nunua sponji laini ya inchi mbili, ya tatu kwa sita, uiweke upande wako tu.

MWALIMU: Nitakuwa nimeinuka inchi mbili juu ya mke wangu.

MAMA IMANI: Ukilala itabonyea. Na safari hii usisimame dukani ukiangalia mtu akipiga ngumi. Vua viatu, lala ubavu wako, kaa dakika kumi.

MWALIMU: Katikati ya duka? Na wanafunzi wangu wakipita nje?

MAMA IMANI: Wape chaki wakuchoree nukta.