Limfoma zinazofika hospitali na zisizofika

Assalaam alaykum. Madaktari, wauguzi, mafundi wa maabara na wanafunzi wetu, nashukuru kwa kunialika hapa Chake Chake.

Mmeniomba nizungumzie limfoma, saratani ya tezi za limfu kama zile za shingo na kwapa, na jinsi aina zake zinavyogawika kwa wagonjwa wa hospitali. Shirika la Afya Duniani linatambua aina zaidi ya 80, na leo sitazipitia. Kuna Hodgkin, yenye jina la Thomas Hodgkin aliyeieleza mwaka 1832, na kuna nyengine zote, ambazo ndizo nyingi. Katika hizo inayoongoza duniani ni ya seli B kubwa; seli B, kama seli T, ni chembe nyeupe za damu. Peke yake huchukua kama thuluthi. Ulaya na Marekani hufuata ile ya folikuli, yaani vifundo vidogo ndani ya tezi, ya watu wazima, inayokwenda polepole. Afrika Mashariki hiyo ni haba, na kwa watoto tunakutana na Burkitt.

Kwa Burkitt nitakaa kidogo. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 akafunga safari ndefu ya gari kuelekea kusini, akiuliza hospitali moja baada ya nyengine, na akaona ugonjwa unafuata joto na mvua. Mwaka 1964, London, virusi vya Epstein-Barr vikaonekana katika seli za uvimbe uliotoka Uganda. Lakini virusi hivyo wanavyo watu karibu wote. Kinachowaponza watoto wa ukanda ule wa joto na mvua ni malaria ya kila mara, inayovuruga kinga ya mwili. Katika hoja hiyo Unguja na Pemba zilitajwa kwa jina: joto lipo, mvua ipo, ila uvimbe ni nadra, kwa sababu malaria ilishapigwa vita. Kwa hiyo msikubali mtu achukue asilimia za Uganda akazibandika Pemba. Na UKIMWI, unaoongeza limfoma za seli B kubwa, kwetu uko chini sana kuliko Bara.

Sasa tuje kwenye daftari la hospitali. Asilimia zake zinahesabu waliofika na wakachukuliwa kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupimwa maabara, basi. Chukulia wagonjwa 20 wa limfoma, 5 kati yao watoto wa Burkitt: robo kamili. Watoto watatu kati ya hao watano wakivushwa kwenda Dar es Salaam kabla ya kinyama, daftari letu litabaki na 2 kati ya 17, karibu asilimia 12. Ugonjwa haukupungua hata chembe. Na Burkitt haingoji: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, hivyo mtoto aliyecheleweshwa anaweza kufariki bila ya kuandikwa popote. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika kazi hii.

Hodgkin nayo hupotea kwa njia yake. Kijana ana tezi za shingo, homa, jasho la usiku, amekonda. Anaanzishiwa dawa za kifua kikuu, na mara nyengine ni sawa, kwani kifua kikuu cha tezi kipo kweli. Ila akimaliza wiki kadhaa na tezi hazijanywea, nawaomba msiongeze dozi wala msimwambie avute subira. Tezi ikatwe. Sindano peke yake haitoshi, kwa sababu inatoa seli bila ya kuonyesha zilivyopangika, na mpangilio huo ndio unaotenganisha Hodgkin na folikuli na nyenginezo. Baada ya hapo ndipo zije rangi maalumu za kutafuta alama zilizo juu ya seli, kama CD20 ya seli B, CD30 ya Hodgkin na CD3 ya seli T. Mwenye CD20 anaweza kufaidika na rituksimabu, dawa inayoilenga alama hiyo; kwa limfoma za seli T dawa hiyo haina kazi.

Tezi itiwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kinyama chenyewe, si kwenye maji ya chumvi. Kwenye fomu andikeni umri, mahali ilipotolewa, hali ya VVU, dawa alizotumia, na shehia anayotoka mgonjwa, hata kama amelala kwa jamaa zake mjini.